Mke, mume na ukuta wa mama

Mwezi huu tunavuka bahari kwenda Unguja, mtaa wa Amani, jirani na ule uwanja wa mpira uliofunguliwa mwaka 1970 na kufanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2023. Huko kuna bibie mmoja ameniletea ujumbe mrefu, na ujumbe wenyewe unahusu ukuta. Ndiyo, ukuta! Usicheke, soma kwanza.

Bibie huyu ana mwaka mmoja na nusu ndani ya ndoa. Yeye anafanya kazi ofisini, mumewe naye kaajiriwa, watoto bado. Wanaishi nyumbani kwa mama wa mume, wamepewa vyumba viwili vya upande wa uani. Bibie kwao ni Nungwi, na marehemu baba yake alikuwa fundi wa majahazi. Mzee alifariki mwaka jana. Tangu hapo bibie ana wazo moja tu kichwani: kuchora jahazi kwenye ukuta wa chumba chao cha kukaa, ukuta mzima, kwa mkono wake mwenyewe. Hajawahi kuchora ukutani hata siku moja. Skuli alikuwa akichora vizuri kwenye daftari, basi.

Alipomwambia mumewe, jamaa hakuinua hata macho kwenye simu. Akajibu maneno manne tu: "Hii nyumba ya mama." Mazungumzo yakaishia hapo. Sasa ni wiki ya tatu. Wanasalimiana, wanakula pamoja, wanalala, lakini maneno yamekuwa ya kuhesabu. Mwisho wa ujumbe wake bibie kaandika hivi: "Dada yangu, mie sikutaka ukuta. Nilitaka pahala pangu."

Kwa sentensi hiyo nikaona mada ya mwezi huu nimeipata. Maana wako wengi wanaotamani kuchora au kupamba kuta zao, na wako wengi wanaokaa ukweni au kwenye nyumba za kupanga wakijiuliza: hapa nilipo ni kwangu au si kwangu? Twende kazi, tuanze na watu kabla ya rangi.

Shemeji, ulimuuliza mama?

Shemeji yangu wa Amani, hukusema uongo. Nyumba ni ya mama, hati yake, jasho lake, na heshima yake lazima iwepo. Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kuamka asubuhi akaanza kupaka rangi nyumba ya mzazi wake kana kwamba kanunua yeye. Hapo nakuunga mkono mia kwa mia.

Lakini nikuulize swali moja. Mama mwenyewe alisemaje? Hakusema kitu, kwa sababu hakuulizwa. Wewe umemjibia. Pengine angekataa, pengine angesema "mwacheni mtoto wa watu apambe chumba chake." Hatujui, na wewe pia hujui. Wanaume wengi wanafanya hivi bila nia mbaya. Wanaogopa kumwendea mama na ombi la mke, basi wanamgeuza mama kuwa ngao. Matokeo yake mama anachukiwa kwa neno ambalo hakulitamka. Hiyo si haki kwa mkeo, na si haki kwa mama yako pia.

Halafu ujue mwanamke anasikia nini akiambiwa "hii nyumba ya mama." Hasikii habari za hati. Anasikia: wewe ni mgeni hapa, ukiondoka hakuna kitakachobaki cha kukukumbusha. Kaacha kwao, kaacha ufuo alikokulia, kazika baba, kisha anaambiwa hivyo na mtu aliyemfuata. Inauma, wallahi.

Na wewe mdogo wangu?

Bibie, sasa zamu yako. Nimesoma ujumbe wako mara mbili. Mimi umenihadithia habari za baba, jinsi ulivyokuwa ukimpelekea chakula ufuoni, jinsi alivyokuwa akigonga mbao huku unamwangalia. Lakini katika ujumbe wote sijaona mahali ulipomwambia mumeo kwamba jahazi hilo ni la baba. Ulimwambia unataka kuchora ukutani. Mwanaume aliyetoka kazini amechoka kasikia rangi, fujo, gharama na maneno ya mama. Hakusikia msiba.

Kununa wiki tatu hakumfundishi mtu asichokijua. Chagua jioni tulivu, televisheni imezimwa, umwambie hivi tu: "Baba yangu nimemzika, sina picha yake nzuri hata moja akiwa kazini. Nataka kitu chake niwe nakiona kila siku." Kama ana moyo, na naamini anao, ataelewa. Akishaelewa, ndipo kazi ya kumwendea mama inaanza, na hiyo ni kazi yake.

Nani aende kwa mama?

Aende mtoto wake. Bibie usiende peke yako, usimtume wifi, na usianze kazi kwa siri ukitegemea kuomba radhi baadaye. Mama mkwe akirudi shughulini akakuta ukuta wa bluu, hata kama angelikubali, ile ya kushtukizwa itamfanya akatae. Kama mume ana uzito wa kusema, basi wamtumie mtu mzima wa kati, shangazi mtu au somo wa bibie. Mambo haya kwetu yana njia zake.

Nenda jioni baada ya chai, na usiende mikono mitupu. Nenda na mchoro kwenye karatasi ili mama aone kitu chenyewe. Maswali yake yanajulikana, basi jiandaeni nayo.

La kwanza, picha ya nini? Nyumba nyingi za Waislamu hazipendi picha za watu na wanyama ukutani. Hapa mna bahati, jahazi si kiumbe chenye roho. Majani, mauwa, nakshi za milango na maandishi mazuri nayo hayana tatizo kwa wengi. Mabaharia na samaki waacheni, jahazi peke yake linajitosheleza.

La pili, tutaswali wapi? Kibla chetu Unguja kiko kaskazini, maana Makka iko karibu sawasawa juu yetu. Basi ukuta wa kaskazini uacheni mtupu, ili mtu akisimama kuswali macho yasisafiri na jahazi. Chagueni ukuta mwingine. Mama akisikia mmelifikiria hili kabla hajalisema, nusu ya kazi imekwisha.

La tatu, uchafu na harufu? Mwambieni mtatumia rangi ya maji, ambayo harufu yake ni ndogo kuliko ya mafuta, na sakafu mtaifunika.

La nne, mkihama je? Jibuni kabla hajauliza: tutapaka nyeupe, ukuta utarudi kama tulivyoukuta. Na ahadi hiyo muitimize.

Kisha nakupa siri moja, shemeji. Muulize mama, yeye alipoingia kwa mumewe akiwa bi harusi, aliruhusiwa kuweka nini cha kwake? Mama zetu wengi nao waliingia nyumba za watu. Wengine walipata rafu moja ya vyombo, wengine hata hiyo hawakuipata. Muulize, halafu nyamaza umsikilize.

Jahazi ukutani si jambo geni

Mtu asije akakwambieni kwamba kuchora ukutani ni mambo ya kuiga. Pwani hii imechora vyombo kwenye kuta tangu zamani za kale. Kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuna picha za vyombo vya baharini zilizokwaruzwa kwenye lipu ya chokaa karne nyingi zilizopita. Mombasa, ndani ya Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593, Wareno waliacha michoro ya meli, samaki na watu waliyoichora kwa mkaa na udongo mwekundu, na leo imehifadhiwa kwenye makumbusho. Lamu nako matajiri wa zamani walichonga kuta za ndani zikawa safu za zidaka, vijidirisha vya kuwekea vyombo vya thamani. Kwa hiyo bibie wa Nungwi akitaka jahazi ukutani, yupo kwenye mila kabisa.

Ukuta nao una siri zake

Haya, tuseme mama kakubali. Msikimbilie dukani! Kwanza muujue ukuta. Nyumba nyingi za Amani ni za matofali ya saruji na lipu ya saruji, na kwenye kisiwa adui wa kwanza wa rangi ni maji. Yanaweza kutoka juu bati likivuja, yanaweza kutoka upande wa pili kama kuna bafu au bomba, na yanaweza kupanda kutoka chini ardhini. Maji hayo hubeba chumvi, hasa kama tofali zilipigwa kwa mchanga wa baharini. Ukiona ukuta unatoa unga mweupe, rangi inavimba malengelenge au inabanduka kama magamba, ukuta unakwambia kitu.

Pimeni hivi. Chukua kipande cha nailoni ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa tepu kingo zote nne pasipite hewa, kiache mchana na usiku. Ukikuta matone upande wa ndani, uliogusa ukuta, maji yapo kwenye ukuta wenyewe. Matone yakiwa upande wa nje ni hewa nzito ya chumba tu, fungueni madirisha. Ukuta wenye maji haupakwi rangi. Tafuta bati linalovuja au bomba, tengeneza, kisha subiri ukuta ukauke. Unga wa chumvi uondoe kwa brashi kavu, usiuoshe, maana ukiuosha chumvi inarudi ndani.

Nimewaandikia haya makusudi, maana ndoa nyingi tunazipaka rangi juu ya maji. Tunagombana, hatusemi chanzo, tunanunua zawadi, tunatoka kwenda kula Forodhani, tunapiga picha za kucheka. Baada ya mwezi malengelenge yale yale. Nyinyi wawili msichukue brashi kabla ya ile jioni ya mazungumzo niliyoisema. Mkichora mkiwa bado na kinyongo, kila bibie akitazama jahazi lile atakumbuka ugomvi badala ya baba.

Ukuta ukishakauka, upitishe kiganja. Ukitoka na unga mkononi, hiyo ni chokaa ya zamani inayopukutika. Isugue, ipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo, iache ikauke, kisha piga praima. Kama kuna rangi ya mafuta inayong'aa, piga msasa kwanza iparuze, la sivyo rangi ya maji haitashika. Lakini angalizo: rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa mama mjamzito na watoto wadogo. Kama nyumba ni ya siku nyingi, msasa upigwe ukiwa na maji, umevaa barakoa maalumu ya kuzuia vumbi maana kitambaa hakitoshi, na bibie mwenye ujauzito na watoto wakae mbali. Nyufa na matundu zibeni. Lipu mpya iacheni kama mwezi mmoja kabla ya kuipaka.

Na msimu nao ni muhimu. Masika, kati ya Machi na Mei, sahauni. Vuli nayo inasumbua. Wakati mzuri ni kipupwe, kuanzia Juni mpaka Agosti, au kiangazi cha Januari na Februari.

Vifaa na hesabu yake

Tuseme ukuta una upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5. Hiyo ni mita za mraba 7.5. Mkipaka mara mbili inakuwa 15. Lita moja ya rangi ya maji hupaka kama mita za mraba 10, kwa hiyo mikono miwili inakula kama lita moja na nusu. Galoni moja ya nyeupe, ile ya lita 4, inatosha kupaka ukuta na nyingine inabaki ya kuchanganyia. Ongezeni bluu, njano, nyekundu na nyeusi kwenye makopo madogo. Kwa rangi hizo tano mtapata karibu kila mtakachotaka: kijani, kahawia ya mbao, mchanga, bahari ya asubuhi na bahari ya jioni.

Brashi nunueni ya inchi 4 kwa maeneo makubwa, ya inchi 2 na ya inchi 1, pamoja na mbili nyembamba za wachoraji kwa ajili ya kamba na kingo. Rola moja, tepu ya karatasi, msasa, penseli, chaki, uzi, makopo matupu na shuka kuukuu la kutandika chini. Kama hamna pimamaji, muazimeni fundi wa mtaani, hatakataa.

Mkichanganya rangi, anzeni na nyeupe kisha mtie rangi kali kidogo kidogo. Ukianza na bluu kali utamaliza kopo zima la nyeupe ukitafuta bluu hafifu. Changanyeni ya kutosha sehemu nzima mara moja, maana kuipata tena rangi ile ile ni kazi. Na jaribuni pembeni kwanza, kwa sababu rangi ya maji ikikauka hukolea kidogo.

Kutoka daftarini mpaka ukutani

Hapa ndipo wa mara ya kwanza wanapokata tamaa. Wanaanza na omo, wakifika tezi ukuta umekwisha! Dawa yake ni viboksi. Chora jahazi lako kwenye karatasi yenye upana wa sentimita 30 na kimo cha 20. Ligawe kwa viboksi vya sentimita 2, utapata viboksi 15 kwa 10, jumla 150. Kisha ukutani pima eneo la mita 3 kwa 2, uligawe kwa viboksi vya sentimita 20. Idadi ni ile ile 150. Sasa huchori jahazi tena, unachora kiboksi kimoja kimoja. Kiboksi cha tatu kina kipande cha mlingoti? Ukutani pia cha tatu kina kipande cha mlingoti. Mwenye projekta ya ofisini anaweza kumulika mchoro ukutani na kuufuatisha, hiyo nayo poa.

Mistari ipigwe kwa uzi uliopakwa chaki: mmoja ashike huku, mwingine kule, katikati mtu auvute na kuuachia. Kazi hiyo mtu mmoja haiwezi, kwa hiyo shemeji tayari umeajiriwa. Mstari wa upeo wa bahari lazima upimwe kwa pimamaji. Ukikaa upande kidogo tu, chumba kizima kitaonekana kimeinama na wageni watakuwa wanainamisha shingo.

Kabla ya hapo pimeni makochi. Rudisheni kochi mahali pake, mkae, mtie alama ya penseli pale mgongo wa kochi unapoishia. Chini ya alama hiyo iwe bahari tupu. Nimeona nyumba picha imekaa bomba, lakini chombo kizima kimezama nyuma ya kochi la watu watatu, linaonekana tanga peke yake.

Kisha ukweli wa jahazi lenyewe. Bendera hufuata upepo, na tanga halikadhalika. Usichore tanga limejaa kuelekea kulia huku bendera inapepea kushoto. Foromali, ule mti unaobeba tanga, umelala mshazari, ncha ya chini iko upande wa omo. Mtu wa Nungwi akiingia sebuleni ataona makosa hayo kabla hajaketi. Bibie, haya unayajua kuliko mimi, lakini ukishika brashi hofu inasahaulisha. Piga picha jahazi la kweli ufuoni ukiangalie chombo kilivyo.

Pakeni kutoka mbali kuja karibu: mbingu kwanza, kisha bahari, kisha chombo, mwisho kamba na vivuli. Mbingu iwe hafifu karibu na upeo na ikolee kadri inavyopanda. Acheni kila rangi ikauke vizuri kabla ya kuipanda nyingine, saa mbili mpaka nne, na siku ya hewa nzito zaidi. Tepu ibandueni rangi ikiwa haijakauka kabisa, itatoka na ukingo safi.

Msibane kazi siku moja. Wikiendi ya kwanza ni kusafisha na kupaka nyeupe. Ya pili ni mistari na kuchora kwa penseli. Ya tatu ni rangi. Mke achore, mume apake maeneo makubwa. Shemeji, hata kama unaona tanga limekaa vibaya, uliza, usirekebishe. Na mkianza kurushiana maneno, wekeni brashi kwenye maji mkanywe chai. Rangi iliyobaki itieni kwenye chupa yenye mfuniko, mtahitaji kufuta alama za mikono baadaye.

Na mama akikataa?

Basi amekataa, na heshima yake ibaki pale pale. Lakini bado kuna njia. Edward Saidi Tingatinga, yule mchoraji aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, alijulikana kwa kuchora kwenye vibao vya mraba kwa rangi ya mafuta, zile za baiskeli. Chukueni mbao nyembamba za kiwandani, mzipige praima mbele, nyuma na kingoni zisivute unyevu, mchore jahazi juu yake kisha mtundike. Mkihama mnahama nalo. Hii inawafaa pia wapangaji wote wanaonisoma, hasa nyinyi mliolipa kodi ya miezi sita au mwaka mbele na mwenye nyumba hataki hata msumari. Mwenye nyumba akikubali ukuta uchorwe, akubali kwa maandishi, na muandikiane nani atapaka nyeupe siku ya kuhama.

Wa Mji Mkongwe nyinyi mna lenu. Mji huo upo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo ukuta wa nje usiuguse kabla ya kwenda Mamlaka ya Mji Mkongwe. Hata ndani, kuta zenu ni za mawe na chokaa, zinavuta na kutoa unyevu. Ukizifunika na rangi nzito ya kisasa maji yanakosa pa kutokea, lipu inaanza kuanguka. Kwenu ubao ni bora kuliko ukuta.

Lakini shemeji wa Amani, hata mama akikataa, kwenda kwako kutakuwa na thamani. Mkeo atajua ulikwenda. Atajua ulisimama mbele ya mama yako ukasema "mke wangu anaomba." Mwanamke aliyeombewa na mumewe anaweza kukaa na ubao kwa amani kuliko mwenye ukuta mzima aliounyakua kwa ugomvi.

Na mama akikubali, siku ya kupaka bahari mpeni brashi ya inchi 4 na yeye apige mkono mmoja. Bahari haina kosa, kila mtu anaiweza. Wazee wetu wamesema tezi na omo marejeo ni ngamani, na nyinyi watatu mpo chombo kimoja.

Bibie, nasubiri majibu, na picha ukimaliza. Na wewe msomaji unayekaa ukweni, niandikie: ni kitu gani kimoja ulichoruhusiwa kuweka kikawa chako? Barua nzuri nitazijadili hapa hapa mwezi ujao, tukiongelea jikoni la watu wawili: mke, mama mkwe na sufuria moja. Kasheshe tupu! Mpaka hapo, panapo majaaliwa tukutane.